Viriba vya miche kwa wanga wa muhogo: tunawezaje kuvitengeneza bila kumaliza mkaa na kuchafua mtaro?

Katibu wa Kitalu, Mikindani

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kinachoendesha kitalu cha miche ya mikorosho na miti ya matunda hapa Mikindani, na swali langu linahusu viriba. Kila msimu tunajaza udongo katika maelfu ya viriba vyeusi vya nailoni, tunakuza miche na kuiuza. Mkulima akifika shambani anachana kiriba, anapanda mche, na kiriba anakitupa papo hapo. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wala halikugusa vifungashio vya kilimo, kwa hiyo hatuvunji sheria. Hata hivyo vipande vya viriba vimetapakaa mashambani na mbuzi wanavila. Isitoshe, mkorosho una mzizi mkuu usiopenda kusumbuliwa, na mara nyingi kiriba kinapochanwa udongo hubomoka, mche ukadumaa au ukafa.

Mwaka jana tulianza kujaribu kutengeneza viriba vyetu kwa wanga wa muhogo. Tulikuna mihogo, tukaikamua kwa maji mengi, tukaacha wanga utuame, kisha tukauanika. Kwa kila kilo moja ya wanga tuliweka lita kumi za maji, robo lita ya gliserini tuliyonunua katika duka la dawa, na siki kidogo. Tukapika mpaka uji ukawa mzito na kung'aa, tukaumwaga juu ya mabati yaliyopakwa mafuta, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa mvua tukaukausha juu ya majiko ya mkaa. Tulipata karatasi laini inayopitisha mwanga, ambayo ilitufurahisha kwa siku tatu. Baada ya wiki mbili ilianza kukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Tuliyoijaza udongo na kuimwagilia ililegea ikawa kama ugali uliolala. Na iliyobaki stoo ikaota ukungu. Majirani nao walilalamikia harufu ya maji ya muhogo tuliyoyamwaga mtaroni, na mweka hazina alipotusomea hesabu ya mkaa hakuna aliyesema neno.

Katikati ya mambo hayo akaja mfanyabiashara mmoja na viriba ambavyo, kwa maneno yake, ni plastiki iliyotiwa dawa ya kuifanya ioze. Tulinunua mia mbili. Jua liliviwambua vikawa vipande vidogo vidogo, ambavyo hadi leo tunaviokota kwenye udongo wa kitalu.

Naomba kuelimishwa: je, ipo njia ya kutengeneza plastiki ya mimea ambayo utengenezaji wenyewe ni safi na unaowezekana kwa kikundi kama chetu? Sioni fahari ya kuwa na kiriba kinachooza iwapo ili kukipata tumechoma magunia ya mkaa na kutia sumu mtaroni.

Mwalimu wa Kemia, Lindi

Dada Katibu, nakupongeza kwa kuuliza kuhusu utengenezaji wenyewe, kwa sababu watu wengi wakisikia neno muhogo wanadhani kazi ya kulinda mazingira imekwisha. Plastiki inaweza kutoka kwenye mmea na bado ikawa chafu kuliko ile ya mafuta ya petroli, kutegemea imepikwa kwa moto gani, imeyeyushwa kwa kitu gani, na maji yake yamekwenda wapi.

Nianze na mkaa, kwa kuwa hapo ndipo hasara yenu kubwa ilipo. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya takriban megajuli 2.26. Ninyi mliweka lita kumi kwa kilo moja ya wanga, na karibu maji yote hayo yalilazimika kutoka ndipo mpate karatasi kavu. Hiyo ni megajuli 22 na ushei, mbali na kama megajuli 3 za kuupasha uji wenyewe. Kilo moja ya mkaa ina kama megajuli 30, lakini jiko la kawaida hufikisha kwenye chombo sehemu ya tano tu au zaidi kidogo, nyingine zikapotea hewani. Kwa hiyo mlichoma zaidi ya kilo nne za mkaa kwa kila kilo ya wanga, na mkaa huo, kama ulichomwa katika tanuri la udongo, ulikula kuni kilo ishirini au zaidi. Mngeanika juani, gharama ingebaki ile ya kupika uji tu, yaani nusu kilo ya mkaa hivi.

Dawa yake ni kupunguza maji tangu mwanzo. Punje za wanga wa muhogo huvimba na kuiva kati ya nyuzijoto 60 na 70, na kwa kuivisha hazihitaji lita kumi. Viwandani wanga, gliserini na maji machache sana huingizwa katika mashine yenye parafujo inayozunguka ndani ya pipa la moto. Parafujo inakanda, inasukuma na kupika kwa wakati mmoja, na wanga unatoka ukiwa umeyeyuka kama plastiki, bila kiyeyushi kingine chochote. Mashine hiyo ni ghali, lakini kanuni yake mnaweza kuifuata kwa mkono. Kandeni donge zito, kilo moja ya wanga kwa lita moja ya maji, mchanganye na nyuzi za mmea, kisha mlibane katika kalibu ya chuma yenye sehemu mbili, ya ndani na ya nje, iliyopashwa moto. Maji yaliyomo hugeuka mvuke, yanaliumua donge kidogo, na kinachotoka ni chungu chepesi, kigumu. Mmetoka lita kumi za kukausha hadi moja, na moto umepungua kwa kiasi hicho hicho.

Kuhusu kukakamaa: takriban sehemu ya tano ya wanga wa muhogo ni minyororo mirefu iliyonyooka, na inayosalia ni minyororo yenye matawi. Uji ukipoa, minyororo hujipanga upya taratibu na kushikana, kama ugali unavyokuwa mgumu asubuhi. Gliserini hukaa katikati yake na kuichelewesha, lakini pia inavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani mnaijua ilivyo. Ndiyo maana karatasi ile ile ilipasuka kwenye mikunjo na kuota ukungu stoo. Siki nayo haikuwasaidia sana, kwa kuwa asidi ikiwa moto hukatakata minyororo hiyo. Badala yake jaribuni asidi ya sitriki, ule unga mchachu unaotiwa kwenye vinywaji, gramu chache tu kwa kila gramu mia za wanga. Chungu kikishakauka na kupata moto wa zaidi ya nyuzijoto 100, asidi hiyo huunganisha mnyororo mmoja na mwingine kama kamba inayofunga fito za ukuta, na wanga hupunguza tamaa yake ya maji. Zamani viwanda vilitumia epiklorohidrini kwa kazi hiyo, kemikali yenye sumu ambayo nisingependa kuiona karibu na kitalu cha mtu yeyote. Msizidishe tu asidi ya sitriki, maana ikizidi nayo inakata.

Mzee wa Newala

Binti yangu, nimesoma swali lako na hesabu za Mwalimu. Yeye ameshughulika na moto. Mimi nizungumzie maji, kwa kuwa sisi wa nyanda za juu za Makonde tumezaliwa na kuzeeka tukiyatafuta.

Kwa nini mnausafisha wanga? Mkitaka karatasi inayong'aa, sawa, lazima mkamue na kutuamisha mara mbili au tatu, na kila safari mnamwaga ndoo kadhaa. Lakini mnatengeneza chungu cha udongo na mche, kitu kitakachofukiwa. Chungu hakihitaji kung'aa. Kuneni muhogo, mwanike, mtwange, mtumie unga wote pamoja na nyuzi zake, bila kuosha kabisa. Hata yale makapi yanayobaki kwa wanaokamua wanga yanafaa, na kwa kutumia makapi hamtashindana na sufuria ya mtu, jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mambo ya megajuli. Nimeona miaka ya njaa ambayo makopa yalikuwa ndicho chakula pekee, na sitafurahi kuona muhogo mzuri ukifukiwa ardhini kama chungu.

Mkikuna muhogo mchungu, msianike haraka. Acheni ulichokunwa kitulie saa kadhaa, kwa kuwa kukuna kunavunja ile sumu ya asili, na sianidi inapata nafasi ya kupaa. Halafu mtandaze kwa wembamba juani. Maji yaliyokamuliwa mbichi yanaua samaki na yanaweza kuua mbuzi aliyeyanywa, kwa hiyo majirani zenu hawakukosea kulalamika, ingawa wao walisikia harufu tu.

Kama mtaendelea kukamua, basi maji ya mwisho ya leo, ambayo karibu ni masafi, yawe ya kwanza ya kesho. Yale mazito yaliyobaki yatieni katika tangi lililofunikwa pamoja na samadi ya ng'ombe, mpate gesi ya kupikia. Samadi msiipuuze, kwani maji ya muhogo peke yake huchacha mno na kuua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Kule Hale, mkoani Tanga, walijenga mtambo wa gesi na umeme kwa mabaki ya mkonge, kwa sababu katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu na kinachobaki chote kilikuwa kikitupwa. Ninyi mtambo wenu utakuwa pipa, lakini kazi ni ile ile.

Mbanguaji wa Zamani, Masasi

Salaam kwenu. Nashangaa hakuna aliyetaja maganda ya korosho, na tupo Kusini.

Nimebangua korosho kwa miaka mingi, vidole vikiwa vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasinichome, na bado alama ninazo. Katika korosho ghafi, sehemu kubwa ya uzito ni ganda, takriban asilimia 70, na ndani ya ganda mnakaa mafuta meusi makali ambayo ni robo hivi ya uzito wa ganda hilo. Wengi wetu tuliyajua kama adui. Wenye viwanda vya ng'ambo wanayajua kama mali: yanaingia katika breki za magari, katika rangi na katika gundi. Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kabisa kwa kemikali, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ilitokana na kemikali mbili, fenoli na fomaldehaidi, na fenoli siku hizi hutoka kwenye petroli. Mafuta yetu ya ganda ni jamii ya fenoli inayoota mtini. Yakipashwa moto, asidi iliyomo hutoa hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kadanoli, na kadanoli inaweza kushika nafasi ya fenoli katika plastiki ngumu za namna hiyo.

Sasa kuhusu njia ya kuyatoa, maana ndiyo hoja ya Dada Katibu. Njia ya kuchoma korosho katika kikaango kilicho wazi ni mbaya kuliko zote. Moshi wake unawasha macho, unachoma kifua, na mafuta mengi yanaungua. Njia ya viwanda vikubwa vya zamani ni kuzipitisha korosho katika mafuta hayo hayo yaliyochemka karibu nyuzijoto 190, ganda likapasuka na kutoa mafuta yake. Hapo hupotezi mafuta, ila unakula moto mwingi na mvuke wake si wa kuvuta. Njia ya tatu ni kuloweka maganda katika heksani, kiyeyushi cha petroli kinacholipuka. Wataalamu wamekwisha kutumia pia hewa ya ukaa iliyobanwa kupita paskali milioni 7 kwenye nyuzijoto 31 na zaidi, ambapo inakuwa si hewa wala si maji, inayeyusha mafuta, na ukiilegeza inaondoka yenyewe bila kuacha kitu. Ni safi ajabu, lakini chombo cha kuhimili mgandamizo huo si cha kikundi. Kwa kijijini, njia safi ni kukamua maganda makavu kwa mashine ya parafujo bila moto, kama unavyokamuliwa ufuta. Yanayobaki ni mashudu ya maganda yanayowaka vizuri sana, ila yachomwe katika tanuru linalopitisha hewa ya kutosha.

Pendekezo langu ni kwamba vile vyungu vya muhogo vipakwe mafuta haya kwa nje. Katika nchi za korosho watu wameyapaka mashua na nyavu ili maji na wadudu wasiziharibu. Mchwa hatakisogelea chungu hicho.

Mwanafunzi wa Uhandisi Kemikali, mzaliwa wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kutofautiana kidogo na Mama wa Masasi, kwa heshima zote.

Mafuta ya ganda yanafukuza mchwa kwa sababu ile ile ambayo yatakifanya chungu kisioze: asidi iliyomo inazuia bakteria na kuvu. Tutakuwa tumepiga marufuku wale wale tunaowategemea wakile chungu ardhini. Zaidi ya hayo, kama hayajakauka barabara, mzizi mchanga utakutana nayo. Mimi ningetumia nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 63, haina sumu, na Liwale inakotoka si mbali. Mpako mwembamba unatosha kukivusha chungu miezi mitatu ya kitaluni. Mafuta ya ganda yana nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni katika vitu vinavyotakiwa kudumu, kama mbao za vumbi la mbao na vigae. Huko nako tusijidanganye: kadanoli ikichanganywa na fomaldehaidi, sehemu ya plastiki imekuwa ya mmea na sehemu nyingine imetokana na kemikali inayosababisha saratani. Ipo njia ya kuibadilisha fomaldehaidi kwa fufurali, inayotengenezwa kutokana na magunzi ya mahindi na mabaki mengine ya shambani. Viwandani imetengenezwa tangu miaka ya 1920. Nayo pia ina sumu yake na inataka uangalifu, lakini angalau haichimbwi.

Jambo la pili ni tahadhari. Dada Katibu akitafuta sokoni plastiki ya mimea, ataletewa ile ya asidi ya laktiki, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi, na inaweza kutengenezwa kwa wanga wa muhogo wetu. Historia ya utengenezaji wake inafundisha. Bakteria hula sukari na kutoa asidi ya laktiki, lakini asidi ikizidi inawalemaza, kwa hiyo kiwanda huongeza chokaa kuituliza. Halafu, ili kuipata asidi tena, huongeza asidi ya salfuriki. Matokeo yake ni kwamba kwa kila tani ya asidi ya laktiki unabaki na karibu tani nzima ya jasi chafu. Mlima wa jasi kwa ajili ya kikombe kinachoitwa cha kijani! Ndiyo sababu sehemu kubwa ya juhudi za kuisafisha kazi hiyo imeelekezwa kwenye vijidudu, hasa hamira iliyobadilishwa ili ivumilie ukali wa asidi, chokaa ikapungua na jasi ikapungua nayo. Hatua inayofuata, ya kuunganisha molekuli kuwa minyororo mirefu, ina afadhali: hufanyika katika ujiuji wa moto bila kiyeyushi, kwa kichocheo kidogo sana cha bati.

Ila plastiki hiyo haitawafaa kwa viriba. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinadai kwamba kitu kioze asilimia 90 ndani ya miezi sita, lakini katika mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzijoto 58 hivi. Udongo wa Mtwara ni wa moto, lakini si kiasi hicho. Kiriba cha namna hiyo kitakaa shambani miaka, na mkulima atawaita waongo.

Iliyo bora kwa udongo ni ile ambayo bakteria wenyewe huiweka mwilini kama akiba ya mafuta, aliyoigundua Mfaransa Maurice Lemoigne katika miaka ya 1920. Hiyo inaoza ardhini na hata baharini. Kikwazo chake ni bei, na kwa muda mrefu pia namna ya kuitoa ndani ya bakteria, maana walitumia klorofomu nyingi. Siku hizi kuna njia za kuyeyusha ngozi ya bakteria kwa vimeng'enya na maji, punje za plastiki zikabaki. Zinapunguza sumu, ingawa usafi wa punje unashuka kidogo. Kwa kiriba, usafi huo hauna maana yoyote.

Na kuhusu yule mfanyabiashara: plastiki aliyowauzia ni ya petroli, yenye chumvi za metali zinazoifanya imeng'enyeke juani. Kusambaratika na kuoza ni mambo mawili. Umoja wa Ulaya umeikataza sokoni kwa agizo la mwaka 2019 lililoanza kutekelezwa Julai 2021.

Mama Mwani, Kilwa

Nitasema machache. Sisi wakulima wa mwani tumejaribu jambo kama lenu kwa ute wa mwani badala ya wanga. Mwani tunaouza ukiwa mkavu kwa bei ndogo ndio huo huo unaotoa karajinani, na ukiupika kwa maji matamu unapata ute unaoganda ukipoa, bila kuongeza asidi wala siki. Ile aina nene, kotoni, huganda kwa nguvu zaidi penye potasiamu, na maji ya majivu yanayo; ndiyo kazi ambayo viwanda vinaifanya kwa alkali ya dukani. Karatasi yake ni imara kuliko ya wanga ikiwa kavu, lakini ikilowa inavimba vibaya, kwa hiyo kwa chungu cha kumwagilia sishauri. Tena kotoni inakufa maji ya bahari yakipata joto, na hatuna uhakika nayo kila msimu. Mkitaka kuchanganya kidogo na donge la muhogo ili lishikane, karibuni tuzungumze.

Katibu wa Kitalu, Mikindani

Mzee wangu wa Newala, shikamoo. Nanyi wote nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana chini ya mwembe, na palizuka ubishi kama huu wenu, nusu wakiwa upande wa Mama wa Masasi na nusu upande wa nta.

Tumekubaliana kuacha kabisa karatasi na kujaribu vyungu vya kubana. Unga utakuwa wa makapi ya muhogo, na nyuzi zitakuwa usumba wa makumbi ya nazi, ambayo hapa hakuna anayeyataka. Fundi wa kuchomelea amesema kalibu anaweza kuitengeneza kwa vipande viwili vya bomba la chuma. Naomba kuuliza mawili: usumba ukatwe urefu gani, na mpako, uwe wa nta au wa mafuta, upakwe ndani au nje?

Mwalimu wa Kemia, Lindi

Kateni kama urefu wa kucha hadi pingili moja ya kidole. Zikiwa ndefu zaidi zitajikunja na kuacha mianya wakati wa kubana, na zikiwa kama vumbi hazitazuia ufa. Loweka usumba usiku kucha kwanza, umwage maji yale ya kahawia, kwa kuwa yana chumvi na rangi ambazo miche haizipendi. Hayo yanaweza kwenda kwenye shimo la mboji. Anzeni na sehemu moja ya usumba kavu kwa sehemu nne za unga, na gliserini mpunguze iwe nusu ya ile ya mwanzo au muiache kabisa, maana chungu hakikunjwi.

Mpako uwe nje, kuta tu. Kitako kiachwe bila kitu, ili kilainike kwanza na mzizi mkuu upate mlango. Ubishi wa nta na mafuta ya ganda mtaumaliza ninyi wenyewe kwa mizani: pimeni uzito wa vyungu vitatu vya nta, vitatu vya mafuta na vitatu visivyopakwa kitu, vikiwa vikavu, vifukieni kwenye udongo wa kitalu unaomwagiliwa kila siku, kisha kila baada ya wiki mbili mfukue, msafishe, mkaushe juani na kupima tena. Andikeni pia idadi ya kilo za mkaa au kuni mlizotumia kwa kila vyungu kumi, tangu siku ya kwanza.

Mbanguaji wa Zamani, Masasi

Nimekubali kupimwa. Nitawatumia lita mbili za mafuta yaliyokamuliwa bila moto, kwa basi la Mtwara. Myapake kwa brashi, mkiwa na glavu na mikono mirefu, na vyungu vikae juani wiki nzima kabla ya kutiwa udongo. Yakimgusa mtu, afute kwanza kwa mafuta ya kula, ndipo anawe kwa sabuni. Akianza na maji atayasambaza.

Katibu wa Kitalu, Mikindani

Tumepokea, Mama. Kalibu itakuwa tayari Jumamosi. Tutatengeneza vyungu thelathini, ishirini na moja vya kupandia na tisa vya mizani, na nitaandika hapa uzito wa kila kimoja kabla hatujavifukia.